Monita Yangu Iko Ukweni

Jumatatu, 15 Julai 2024

Felician kanifunga tano bila. Tena! Nyumbani kwangu, kwenye kompyuta yangu, huku akitafuna karanga za mke wangu. Bao la nne sikuliona kabisa. Lilipita kwenye ile pembe ya kioo iliyokufa, pale palipo peusi kama wino umemwagika. Nikamwambia bao lisiloonekana halihesabiwi. Akacheka mpaka akapaliwa. Huyu ni jirani yangu, afisa kilimo wa serikali, na hana huruma hata chembe.

Nimefikia uamuzi. Tatizo si mimi. Tatizo ni kioo.

Na bahati iliyoje! Odilia naye analalamikia kioo hicho hicho. Mke wangu anafanya kazi sebuleni kwetu, kwenye hiyo hiyo laptop ya familia: hesabu za vikundi vya wafuga nyuki, Murungu, Mabamba na kwingineko. Sasa mnunuzi mmoja wa asali wa Dar anataka kumpa kazi ya kudumu, aifanyie hapa hapa Kibondo bila kuhama. Ila anamjaribu kwanza. Apange hesabu za msimu mzima, kisha aziwasilishe kwa video Ijumaa ya wiki ijayo. Akishindwa, kazi inakwenda kwa mwingine. Na majedwali yenyewe hayaenei kwenye kioo. Akisogeza kulia, kushoto kunapotea. Ikifika jioni anashika kichwa.

Leo kasema tununue monita. Tuichomeke kwenye laptop, basi. Akiba ipo, ila akasisitiza si ya kuchezea. Kazi ya kuchagua kanikabidhi mimi, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu. Katamka mwenyewe. Mtaalamu!

Jumanne, 16 Julai 2024

Odilia kaniambia anachotaka. Kioo kipana kiasi. Kisichoumiza macho. Kinachopanda na kushuka ili asipinde shingo. Basi. Mwanamke hana makuu.

Mimi nimesoma habari za monita siku nzima, Kidato cha Pili wakichora ramani za mvua. Mambo ni mengi! Kuna kitu kinaitwa Hz. Hiyo ni idadi ya mara ambazo picha inabadilika kwa sekunde. Za kawaida ni 60. Ila zipo za 165! Kwa kioo cha namna hiyo nitauona mpira wa Felician kabla yeye mwenyewe hajaamua kuupiga.

Jioni nikapita kwa Nduwayezu, mwenye duka la kompyuta pale karibu na stendi. Ana monita za mtumba zilizotoka maofisini. Akanionyesha moja, safi, inchi 24, mguu wake unapanda na kushuka. Akaiwasha nione hakuna doa. Bei nafuu, na chenji ingebaki. Ni kila alichokitaja Odilia, neno kwa neno. Lakini Hz 60! Tena ina kibandiko cha ofisi fulani. Nikaitazama kwa dharau. Nduwayezu akauliza ninataka ya kazi gani. Nikamjibu, kazi nzito.

Jumatano, 17 Julai 2024

Nimeipata! Iko Kasulu, kwa Asmahani. Huyu dada anauza vifaa vya kompyuta mtaa mmoja na wakwe zangu. Kanionyesha kwa video. Inchi 27. Imepinda kama imekukumbatia. Hz 165. Mpya, iko kwenye boksi, na boksi lina picha ya joka jekundu linatema moto.

Asmahani ni mkweli, mpaka anakera. Kaniambia mguu wake haupandi wala haushuki. Kaniambia haina spika. Akauliza kama laptop yangu ina nguvu ya kutoa hizo Hz zote, maana nyingi zinaishia 60 hata ukizichomeka kwenye nini. Nikamwambia dada, usiwe na wasiwasi. Nikalipa kwa simu. Akiba imekwisha yote, lakini akiba si huwa ni ya kutumia?

Odilia nimemwandaa. Nimemweleza kuwa Hz nyingi ni kwa ajili ya macho. Kitaalamu si uongo. Picha unaiangalia kwa nini kama si kwa macho?

Kikwazo cha kwanza: joka. Odilia akiliona tu, nimekwisha. Kikwazo cha pili: Rabia. Huyu ni mke wa Felician, na ndiye anayepokea mizigo ya mabasi hapa stendi. Hakuna kifurushi kinachoingia Kibondo asikijue. Basi halijazima injini, Felician ana habari.

Suluhisho nimelipata nikiwa naoga. Asmahani aipeleke kwa wakwe zangu, ni hatua chache tu. Jumamosi niende mwenyewe na blanketi. Nitupe boksi, nibandue vibandiko, niifunge kwenye blanketi, nirudi nayo nyumbani ikiwa na sura ya kiofisi. Wakati mwingine najiogopa.

Alhamisi, 18 Julai 2024

Nimepiga simu ukweni. Si jambo jepesi. Kwetu Newala mkwe unamwamkia na mambo yanaendelea. Huku kwa Waha unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza habari ya mtu mmoja mmoja. Nimeoa miaka mingi lakini hata kwenye simu najikuta nimeinama. Leo nimeinama ofisini kwa walimu. Wamenitazama.

Nilimwuliza Mama Esteri habari ya maharage. Habari ya ng'ombe. Habari ya mguu wa mzee. Kisha nikasema kuna kakitu kadogo kanafika hapo nyumbani, naomba mtupokelee. Nilitaka kuongeza kuwa nitakuja kukachukua. Haikutoka! Utamwambiaje mama mkwe kuwa nyumba yake ni stoo yako? Nitaeleza Jumamosi, uso kwa uso.

Nikamsikia Mama akipiga makofi taratibu. Kisha akasema asante mwanangu, asante, asante sana. Nikashangaa ananishukuru kwa lipi. Watu wema kweli.

Ijumaa, 19 Julai 2024

Odilia kafanya kazi na kitambaa amekifunga kichwani, kwa maumivu. Akauliza monita imefikia wapi. Nikasema iko njiani, na ni nzuri kuliko alivyoota. Akatabasamu, akanipa kipande kinono cha samaki, mgebuka. Nilijisikia vibaya. Nikamkanda shingo mpaka akasinzia kwenye kiti. Ninampenda sana huyu mwanamke. Atafurahi, na mimi nitamfunga Felician. Kuna ubaya gani wote tukifurahi?

Jumamosi, 20 Julai 2024

Balaa.

Nimefika Kasulu asubuhi na blanketi langu begani. Nikiwa bado nje nikasikia watu. Nikadhani kuna msiba. Naingia sebuleni, pamejaa. Majirani, mashemeji, mzee Niyomwungere wa nyumba ya pili kaja na kigoda chake. Wote wamekaa wakitazama upande mmoja.

Monita yangu! Iko juu ya kabati. Imevalishwa kitambaa cha kufuma. Kulia maua ya plastiki, kushoto maua ya plastiki. Joka limekatwa kutoka kwenye boksi na kubandikwa ukutani, kwa sababu Mama Esteri kalipenda.

Mzee Stanislaus, baba mkwe wangu, akasimama. Akanisalimu kwa Kiha, Mwakeye, akaanza kupiga makofi taratibu na kuinama. Yeye! Kwangu mimi! Halafu akahutubia. Akasema ana wakwe kadhaa. Mmoja alileta mbuzi, mmoja godoro. Lakini aliyemletea runinga, tena ya kupinda, ni huyu wa kutoka kusini ambaye watu walimwambia asimpe binti. Macho yakamlengalenga. Akasema, "Mwanangu, umenivika nguo mbele ya watu."

Ningefanyaje? Nikainama nami. Nikapiga makofi nami.

Mama Esteri akanipokea blanketi. Akalipapasa. Akanishukuru na kwa hilo, maana Julai ya Kasulu ina baridi.

Waliiwasha kabla sijafika. Haionyeshi kitu, ila kiboksi kidogo cha maandishi kinachotembea kutoka pembe hii kwenda pembe ile kutafuta waya. Watu wanakifuata kwa macho. Mzee Niyomwungere akauliza mechi inaanza lini. Baba mkwe akamjibu kwa utulivu kuwa hii ni ya kisasa, haina papara.

Uani nikamvuta Reverien, shemeji yangu. Nikamwuliza kwa kuzungukazunguka, je, kitu kikija kwa bahati mbaya kwenye nyumba ya mkwe, kinaweza kutoka? Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema katika nyumba hii kitu kilichoingia kwa mkono wa mkwe hakitoki, labda nyumba iungue. Akauliza kwani sikujua? Nikamwambia nilijua vizuri sana.

Nimerudi Kibondo na mkungu wa ndizi na jogoo. Jogoo kanidonoa njia nzima.

Jumapili, 21 Julai 2024

Nikamwambia Odilia monita imechelewa kidogo. Akauliza kama imechelewa, mbona mama yake kampigia simu alfajiri akipiga vigelegele. Akauliza pia joka ni la nini.

Nilieleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, nikagusia na Hz. Hakugomba. Laiti angegomba! Aliuliza jambo moja tu: Ijumaa atatumia nini?  Akafungua laptop, akainamia ile pembe nyeusi, akaendelea na kazi. Nilimtazama mgongo wake na roho ikaniuma. Nimecheza na kazi ya mke wangu.

Lazima nirekebishe. Nina wazo.

Jumatatu, 22 Julai 2024

Wazo ni hili. Felician ana TV ya chogo stoo, zile za zamani zenye kisogo, nzito kama jiwe la kusagia, lakini inaonyesha. Nimpelekee mzee. Nimwambie hii ndiyo runinga ya kweli, ile nyingine ina hitilafu, niirudishe fundi akaiangalie. Kitu kinatoka, kitu kinaingia. Mkwe hajapungukiwa.

Felician kakubali kuniazima kwa sharti moja: niseme mbele ya watu kijiweni kuwa yeye ndiye kocha wangu. Nimesema. Wameniomba nirudie. Nimerudia. Mambo ninayoyafanya kwa ajili ya ndoa!

Jumanne, 23 Julai 2024

Nimeomba ruhusa shuleni. Nimebeba chogo hadi Kasulu, mapajani. Miguu imekufa ganzi.

Mzee Stanislaus alilipokea. Akapiga makofi. Akaagiza liwekwe chumbani kwa mama. Kuhusu fundi, akasema zawadi haipelekwi hospitali, inauguzwa nyumbani.

Nimerudi na mkungu mwingine wa ndizi. Felician kaniuliza TV yake ikoje. Nikasema imefika salama.

Jumatano, 24 Julai 2024

Nimetoka shule, Odilia hayupo. Laptop haipo. Begi lake halipo. Jikoni kuna sufuria ya maharage imefunikwa. Nimepiga simu, haipatikani.

Kaniacha.

Sikula. Nilikaa kwenye kiti chake. Nikaona hata ile pembe nyeusi ya kioo ningeipokea kwa mikono miwili, mradi yeye awe anaitukana. Felician akaja na karanga zake. Akaona meza tupu, akaniona mimi.  Alikaa. Alimenya karanga, nyingine akinipa. Hakutaja mpira hata mara moja. Sijawahi kumwona Felician akinyamaza muda mrefu hivyo, na nitakuwa mtu wa mwisho kukiri kuwa ilinisaidia.

Alhamisi, 25 Julai 2024

Hakuniacha! Mama Esteri kapiga simu. Odilia yuko kwao. Simu yake iliisha chaji tangu kwenye basi, na umeme wa mtaa ulirudi leo.

Kumbe kafanya hivi. Kama monita haiwezi kuja kwa laptop, laptop imeenda kwa monita. Kachukua waya, kachomeka, kakaa sebuleni kwa baba yake anapanga hesabu za asali. Majedwali yote yanaenea! Kabati la mama lina kimo kile kile cha macho yake. Kichwa hakimwumi.

Na mzee anatazama. Kutwa nzima! Mama anasema majirani wamejaa tena. Odilia kila akimaliza kikundi anakipaka rangi ya kijani. Basi kikundi kikiwa kijani, watu wanashangilia. Mzee Niyomwungere ana binamu kwenye kikundi cha Mabamba, kwa hiyo anaishangilia Mabamba. Reverien kachukua Murungu. Mchana Mabamba iliipita Murungu kwa kilo za asali, nusura wakunjane mashati. Mzee kamwambia kila anayeingia kuwa alisema, hii ni ya kisasa.

Nikaomba niongee na Odilia. Nikamwambia samahani. Akasema waya ni mfupi, unachomokachomoka. Kama nina nafasi kesho, nije niushike.

Nina nafasi. Nitaitafuta.

Ijumaa, 26 Julai 2024

Nimeushika.

Nilikaa chini nyuma ya kabati, mkono juu, waya mkononi, kitambaa cha kufuma usoni. Odilia alikaa mbele na blauzi yake ya bluu. Mzee aliwafukuza kuku, akafunga mlango, akawaambia majirani atakayekohoa ataondoka. Wakakaa kimya kama wako kanisani, hata Niyomwungere.

Sikuona kitu. Nilisikia tu. Sauti ya Odilia, imetulia, inapita kikundi baada ya kikundi, hairudi nyuma kutafuta. Mnunuzi akauliza maswali magumu. Akajibu yote papo hapo, kwa kuwa kila kitu kilikuwa mbele ya macho yake. Mkono ulikufa kabisa. Kuna mahali nzi alinitua puani. Sikuuachia waya.

Mwisho mnunuzi akauliza lile joka ukutani ni la nini. Odilia akasema ni la baba, analipenda. Yule mtu akacheka. Kisha akasema kazi ni yake, aanze mwezi ujao.

Sebule ikalipuka! Vigelegele, makofi, kigoda kikaanguka. Mnunuzi akauliza kama mtandao una matatizo. Nikatoka nyuma ya kabati na utando wa buibui kichwani, nikamkumbatia mke wangu mbele ya wakwe, jambo ambalo huku halifanyiki. Mzee akatazama dari kwa heshima.

Kwenye basi Odilia akasema habari ya monita ameshasamehe. Hajawahi kumwona baba yake amekaa wima hivyo mbele ya majirani zake. Kilichomkera ni ule uongo wa macho. Nikasema kitaalamu haukuwa uongo. Akanifinya. Kisha akanilalia begani mpaka Kibondo, juu ya ule mkono uliokufa. Sikuusogeza.

Jumapili, 11 Agosti 2024

Malipo ya utangulizi ya Odilia yameingia. Hakunituma. Alikwenda mwenyewe kwa Nduwayezu na kurudi na ile ile ya mtumba, inchi 24, yenye kibandiko cha ofisi. Inapanda, inashuka. Majedwali yanaenea. Haumwi kichwa, anaimba akifanya kazi. Kakubali niitumie Jumapili mchana. Wakwe hawajambo. Mzee kamwomba Odilia aje tena msimu ujao, Murungu inataka marudiano.

Leo Felician kaja. Nikakaa mbele ya kioo kipana, safi, kisicho na doa. Kanifunga sita bila. Na safari hii mabao yote niliyaona, moja moja, kwa uwazi wa kusikitisha. Halafu akauliza TV yake. Nikasema iko kwa mama mkwe, inauguzwa.

Nimekaa na kutafakari kwa kina. Tatizo si mimi. Kioo nacho sasa si tatizo. Basi limebaki moja: kiti! Mtu atachezaje mpira wa kimataifa amekalia kiti cha plastiki? Mgongo unapinda, vidole vinachelewa. Nimempigia Asmahani. Anacho kimoja chekundu na cheusi, kinazunguka, kina mto wa shingo. Odilia nitamwambia ni kwa ajili ya mgongo wake. Kitaalamu si uongo.

Shida ni Rabia pale stendi. Kwa hiyo Asmahani atakipeleka kwa wakwe, ni hatua chache tu, nami nitakifuata Jumamosi. Lakini safari hii nimejifunza! Sikuzungukazunguka. Nimempigia Mama Esteri na kumwambia waziwazi kabisa kinachokuja: ni kiti, cha kukalia mbele ya kioo.

Akapiga makofi taratibu. Kisha akasema asante mwanangu, asante, asante sana. Nikamsikia akimwita mzee.

Watu wema kweli.